Namna ya Kuisoma Ardhi ya Kitulo, Ukianzia Kwenye Barafu ya Kaskazini

Nafundisha jiografia sekondari hapa Mbeya, na mada inayonigusa kuliko zote ni ile ya barafuto, yaani barafu nene inayotambaa juu ya ardhi. Wanafunzi wanachora moreni, yaani matuta ya mawe na udongo yaliyoachwa na barafu, bila kukosea, wanakutajia bonde la umbo la U, wanajua fiodi, zile ghuba nyembamba zilizochongwa na barafu, ziko Norwei. Waulize kwa nini udongo wa Isyonje ni mweusi na wa Mafinga ni mwekundu, kimya. Wamekariri kwamba zama za barafu ni habari ya Wazungu, zimewekwa kitabuni kwa ajili ya mtihani. Si kweli hata kidogo. Baridi ile iliyoifunika Kanada na Ufini ilifika mpaka huku Nyanda za Juu Kusini, ikafanya kazi yake kwa namna nyingine, na kazi hiyo inaonekana hadi leo ukijua pa kutazama.

Mwongozo huu ni wa mwalimu anayetaka kupandisha darasa mlimani, na wa mtu yeyote anayekwenda Kitulo, hifadhi iliyo kwenye uwanda wa juu, kuangalia maua na akajiuliza maua yale yamefikaje pale. Shika jambo moja tangu mwanzo: kaskazini barafu iliipangusa nchi yote, udongo na mimea, vikaanza upya. Kwetu hakuna kilichopanguswa. Mimea ilishuka mlima baridi ilipozidi, ikapanda tena joto liliporudi, na udongo ukaja kufanywa upya na volkano. Tofauti hiyo ndiyo tutakayoifuatilia kwa miguu.

Kwanza ielewe kazi ya barafu kule kwao

Usipande Kitulo kabla hujaielewa kaskazini, maana utaanza kuona barafuto mahali ambapo hapakuwahi kuwa na barafu.

Sababu ya zama hizo ni mabadiliko ya polepole ya mzunguko wa dunia kulizunguka jua na ya mwinamo wa mhimili wake. Mserbia Milutin Milanković alizipigia hesabu: kuna zamu ya miaka takriban 100,000, ya 41,000 na ya 23,000 hivi. Kilele cha mwisho cha barafu kilikuwa kati ya miaka 26,000 na 19,000 iliyopita. Kanada karibu yote na Skandinavia yote zilikuwa chini ya barafu, na huko Kanada unene wake ulifika kilomita 3 hivi. Maji ya barafu hiyo yalitoka baharini, kwa hiyo usawa wa bahari ulishuka kwa takriban mita 120. Unguja ikaungana na bara. Pemba haikuungana, kwa sababu mkondo unaoitenga na bara una kina kirefu mno. Ndugu zetu wa pwani nao basi wamo kwenye habari hii.

Barafu nene kiasi hicho haitulii. Hutambaa, na inapotambaa hufanya mambo matatu: husaga mwamba ulio chini yake, hubeba ilichokisaga, kisha hukiacha inapoyeyuka. Nilibahatika kwenda Ufini kwa masomo ya muda mfupi, na kule nilipata kuigusa kazi hiyo. Kando ya ziwa, si mbali na mji wa Lahti, upo mwamba wa kijivu uliolainishwa. Mama aliyekuwa mwenyeji wangu aliniambia nivue glavu nipitishe vidole. Chini ya vidole kulikuwa na mifereji midogo, yote imeelekea upande mmoja, kutoka kaskazini magharibi kwenda kusini mashariki. Ndiyo njia ambayo barafu ilipita, ikiburuta mawe yaliyoganda tumboni mwake.

Mji wenyewe wa Lahti umekaa juu ya Salpausselkä, tuta refu la mchanga na kokoto lililorundikwa ukingoni mwa barafu ilipokuwa ikirudi nyuma. Juu ya matuta ya namna hiyo mchanga haushiki maji, hivyo ukitembea unakuta misonobari, vichaka vifupi vyenye matunda madogo ya porini, na ukoga mweupe mkavu unaovunjika chini ya kiatu. Teremka kidogo, miguu inazama kwenye kinamasi cha sfagnamu, ile mimea laini isiyo na mizizi inayonyonya maji na kuyafanya yawe machachu. Humo kuna drosera, mmea unaonasa wadudu kwa majani yenye ute kwa sababu udongo hauna naitrojeni ya kutosha. Ni mwendo wa dakika chache tu, na mvua ni ileile, jua lilelile. Kilichotofautiana ni kile barafu ilichoacha chini: hapa mchanga, pale udongo mzito au kishimo kwenye mwamba. Kilichoachwa huamua maji yaende wapi, na maji huamua mmea gani ukae. Mnyororo huo wa mambo matatu utautumia Kitulo bila kuubadilisha, ila kiungo cha kwanza tu.

Yako mambo mengine mawili ya kaskazini ninayopenda darasa liyajue. La kwanza, nchi iliyokandamizwa na barafu bado inainuka. Kwenye pwani ya Ufini na Uswidi, eneo la Kvarken, ardhi inapanda karibu milimita 8 hadi 9 kwa mwaka, na visiwa vipya vinachomoza baharini huku mimea ikivikalia kwa zamu. La pili ni uchache wa aina. Barafu ilipokuja, miti ya Ulaya ilirudi kusini ikakutana na milima ya Alps na Bahari ya Mediterania, na mingi haikupita. Ndiyo maana Uingereza ina aina za miti asilia zinazozidi kidogo tu 30. Huko kaskazini mwa Marekani hata minyoo ya udongo haikubaki. Misitu ilikua bila minyoo tangu barafu iyeyuke, na minyoo inayoonekana leo ililetwa na watu kutoka Ulaya, nayo inaharibu tabaka la majani makavu ambalo maua ya msituni yanalitegemea. Mtu wa Rungwe anayeamini kwamba mnyoo ni baraka shambani anaweza asiamini hilo, lakini ndivyo lilivyo.

Fanya hesabu ya mlima wako

Kabla ya safari, kaa na wanafunzi mpige hesabu. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 0.6 kila unapopanda mita 100. Wakati wa kilele cha barafu, nyanda za juu za Afrika Mashariki zilikuwa na baridi zaidi ya leo kwa nyuzi 5 hivi. Gawanya 5 kwa 0.6, zidisha kwa 100: unapata mita 800 na ushee. Maana yake, kanda za baridi zilishuka mlima kwa kiasi hicho.

Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi. Ongeza 800, unapata 2,500. Uwanda wa Kitulo uko wastani wa mita 2,600. Kwa hiyo pale Mwanjelwa, panapouzwa mitumba na viazi, palikuwa na baridi inayokaribia ya Kitulo ya leo. Wape wanafunzi dakika moja walimeze hilo.

Sasa uliza: je, tulikuwa na barafuto? Barafu ya Kilimanjaro leo iko juu sana, karibu na kilele chenye mita 5,895, sehemu kubwa yake juu ya mita 5,000. Ishushe kwa mita 800, ishushe hata 1,000. Kilele cha juu kabisa cha Nyanda za Juu Kusini, Mtorwi, kina mita 2,961, na Rungwe uko karibu sawa nao. Barafu haikufika. Kilimanjaro, Mlima Kenya na Rwenzori ndiko barafuto zilikoshuka mbali kuliko zilipo sasa. Bonde la Teleki la Mlima Kenya ni la umbo la U la kweli, lililochongwa na barafu. Kitulo hapana.

Nalisisitiza hili kwa sababu mabonde ya Kitulo ni mapana na yamelala, na kila nikifika na darasa kuna atakayenyoosha mkono aseme hili ni umbo la U. Mpongeze kwa kutazama, kisha mwambie atafute ushahidi mwingine: mwamba wenye mikwaruzo iliyolala upande mmoja, tuta la mawe mchanganyiko mdomoni mwa bonde, bonde dogo linaloishia hewani ubavuni mwa kubwa. Hatakiona hata kimoja. Mabonde yale yamepata upana kwa vijito vinavyokwenda taratibu juu ya uwanda, na chini yamejazwa na majivu ya volkano na mboji.

Njia na vya kubeba

Kutoka Mbeya njia nzuri kwa kazi hii ni ya Uyole, barabara ya Tukuyu hadi Isyonje, halafu unakata kushoto kupanda Kikondo. Ukitokea Iringa au Makambako, pandia Chimala kwa zile kona za Hamsini na Saba hadi Matamba, ambako ndiko makao makuu ya hifadhi. Mimi napendelea Isyonje, kwa sababu unapita karibu na Rungwe na unaona majivu yakibadilika unavyokwenda. Mvua ikinyesha, barabara huwa na utelezi mbaya na ukungu huziba kila kitu, basi ondokeni mapema.

Beba chupa tupu za maji za plastiki, rula, kisu kikuukuu, kamba ndefu, daftari lenye jalada gumu, kipimajoto na simu inayoonyesha mwinuko. Masweta, hata kama jua linawaka Mbeya mjini. Uchimbaji wowote ufanyike nje ya hifadhi, kwenye kingo za barabara na mashambani kwa ruhusa ya mwenye shamba. Ndani ya hifadhi ni macho na daftari tu, na mwongozaji awepo.

Kwenye ukingo wa barabara

Hapa ndipo safari inaponoga, msipite haraka. Tafuteni mahali ambapo barabara imekata kilima na udongo uko wazi, ukingo uwe mkavu na usioning'inia. Kwangua kwa kisu kutoka juu kwenda chini mpaka rangi halisi zitokee.

Juu utakuta udongo mweusi, mwepesi mkononi, wenye mizizi. Chini yake, mara nyingi, kuna tabaka la njano iliyopauka lenye punje punje. Chukua punje moja, ioshe, iweke kwenye chupa ya maji. Inaelea. Ni jiwe la volkano lenye mapovu ya gesi ndani, lile lile ambalo watu wanasugulia visigino. Rungwe ulilipuka zaidi ya mara moja, na mlipuko wake mkubwa unaojulikana vizuri ulitokea miaka takriban 4,000 iliyopita, ukatupa mawe haya pande zote.

Siku moja, njiani kwenda Kikondo, tulisimama pembeni ya shamba la viazi, mzee mwenye shamba akasogea.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwalimu. Umewaleta watoto kuangalia udongo?”

“Ndiyo, mzee. Tunaomba utueleze wewe unavyoujua.”

Akashika jembe, akaonyesha kwa ncha ya mpini. “Viazi vinataka huu mweusi wa juu. Mzizi ukifika kwenye hili la njano unakomea hapo. Lakini ukichimba ukalipita hili la njano, unakuta mweusi mwingine chini, na huo una unyevu hata mwezi wa kumi.”

Sijawahi kusoma maelezo bora zaidi ya hayo. Ule mweusi wa chini ni uso wa nchi ulivyokuwa kabla Rungwe haujalipuka: palikuwa na majani, palikuwa na mizizi, kisha pakafunikwa. Mwambie kila mwanafunzi aweke kidole kwenye mpaka wa njano na mweusi wa chini. Ameweka kidole kwenye siku moja ya miaka 4,000 iliyopita.

Halafu pimeni. Unene wa tabaka la njano kwa rula, na jiwe kubwa kuliko yote mnaloliona humo. Andikeni pamoja na mwinuko na mahali. Rudieni kila mnaposimama. Kadiri mnavyouacha mlima uliolipuka, tabaka hupungua unene na punje huwa ndogo, kwa sababu vizito huanguka karibu na vyepesi hupeperushwa mbali. Mkichora vipimo hivyo kwenye ramani, ramani yenyewe itawaelekeza mlipuko ulipotokea.

Jaribio la chupa lifanyeni kwa udongo wa sehemu mbalimbali. Konzi moja ya udongo, maji robo tatu ya chupa, tikisa kwa nguvu, iweke juu ya jiwe isitikisike. Mchanga huzama papo hapo. Mfinyanzi hubaki umeyachafua maji kwa saa nyingi. Mawe ya volkano yanapanda juu. Udongo mwekundu wa Mafinga, unaotokana na mwamba wa kale uliooza kwa muda mrefu mno, utakuonyesha mfinyanzi mwingi na hakuna kinachoelea. Na udongo ulioachwa na barafu kule Ufini ungeonyesha vitu vyote kwa pamoja, kokoto, mchanga na vumbi laini la mwamba, kwa maana barafu ikiyeyuka haichambui, huangusha kubwa na dogo mahali pamoja. Maji ya mto huchambua: kokoto zake zimeviringika na zinafanana ukubwa. Mawe yaliyoporomoka mteremkoni yana kona kali na mwamba ulioyatoa uko juu yake hapo hapo. Mwanafunzi akiweza kutenganisha haya manne, lililoletwa na barafu, na mto, na volkano, na mteremko, amepata msingi wa jiolojia nzima ya udongo.

Na hapa ndipo ninapotaka aone tulichofanana. Udongo wa kaskazini una umri mdogo, wa miaka 11,000 hivi sehemu nyingi, na una madini mapya kwa sababu barafu ilisaga mwamba mbichi. Udongo wa Rungwe na Kitulo nao una umri mdogo na una madini mapya, kwa sababu volkano ilileta majivu. Kazi ni moja, mfanyakazi mwingine. Mafinga haikupata barafu wala majivu mengi, ikabaki na udongo wake wa kale uliolowa mvua na kuchujwa kwa mamilioni ya miaka.

Walio Iringa, jiwe lililoegeshwa

Huhitaji kuja Mbeya kuanza. Panda Gangilonga, au kilima chochote cha mawe pale mjini Iringa, uangalie yale mawe makubwa ya mviringo yaliyokaa juu ya mengine utadhani yamepangwa. Kwenye vitabu vya kaskazini mawe ya namna hiyo huelezwa kuwa yameletwa na barafu. Mengine kweli: mawe ya rapakivi, aina ya matale ya Ufini, yamekutwa Estonia, Poland na Ujerumani, ng'ambo ya Bahari ya Baltiki.

Kipimo ni rahisi. Tazama kwa karibu chembe za jiwe la juu, rangi zake na ukubwa wake, kisha tazama mwamba lililoukalia. Kama ni wa aina tofauti kabisa, na aina hiyo haipatikani eneo lile, jiwe limesafiri. Kama chembe zinafanana, jiwe halijaenda popote. Limeundwa hapo hapo, mwamba ulipopasuka kwa mistari na maji yakazila kona zake chini ya udongo, kisha udongo ukasombwa likabaki peke yake. Ya Iringa ni hayo ya pili.

Sasa mimea

Kabla ya kuandika jina la mmea wowote, ondoa vilivyopandwa. Paini za Sao Hill asili yake ni Mexico. Mikaratusi na miwati ya Njombe asili yake ni Australia. Ukiziandika kama alama za mazingira asilia utajipotosha, hata kama msitu wa paini wenye ukungu unafanana sana na picha ya Ufini.

Hifadhi ya Kitulo ilitangazwa mwaka 2005, ina kilomita za mraba takriban 413, na watu wa huku wanaiita Bustani ya Mungu. Zimeorodheshwa aina 350 hivi za mimea, na kati yake okidi za ardhini 45. Wakati wa maua ni kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili.

Mkiwa na mwongozaji, chagueni mteremko mmoja unaoanzia mgongoni na kuishia kwenye kijito. Tembeeni kwa mstari ulionyooka, kila hatua 20 simameni. Andikeni vitu vitatu tu: ardhi ni kavu, nyevu au inazama, majani yana urefu gani, na mmea unaoonekana zaidi ni upi. Juu, penye maji yanayopita upesi, mtakuta nyasi ngumu za mafungu, na kwenye miamba vichaka vya Erica na Protea. Chini nyasi zinapisha ndago, na pembeni mwa maji husimama Kniphofia, shada refu lililonyooka, jekundu juu na njano chini. Okidi nazo zimegawana: zipo za majani makavu, zipo zinazotaka miguu ndani ya maji. Ule mnyororo wa Lahti ndio huu: kilicho chini, kisha maji, kisha mmea.

Lakini swali kubwa ni kwa nini mimea hii ipo hapa. Angalia Erica. Ndugu zake wanafunika vilima vya Uskoti, na kule Cape, Afrika Kusini, ziko aina mamia. Protea nayo makao yake makuu ni Cape. Kati ya Cape na huku kuna nchi za joto ambazo mimea hii haikai. Rudi kwenye hesabu yetu ya mita 800. Kanda ya baridi iliposhuka kiasi hicho, vilele vilivyotengana, Kitulo, Kipengere, Mlima Mbeya, Uporoto, Nyika ya Malawi, vilikaribiana, na vingine vikagusana. Mbegu na ndege wakavuka. Joto liliporudi kila mlima ulipandisha mimea yake na kubaki nayo peke yake, ikaendelea kubadilika kivyake. Zamu hiyo imejirudia mara nyingi, si mara moja. Ndiyo maana eneo dogo kama Kitulo lina mimea isiyopatikana mahali pengine popote, wakati msitu wa kaskazini unaweza kuusafiri siku nzima ukiona miti ileile michache. Wao walianza upya kutoka sifuri. Sisi tulikuwa tunapanda na kushuka.

Msitu nao una shahidi wake. Kima anayeitwa kipunji alitangazwa kwa wanasayansi mwaka 2005, akiwa anaishi kwenye misitu ya Rungwe na Livingstone, na mbali kabisa, kwenye msitu wa Ndundulu huko Udzungwa. Kati ya sehemu hizo mbili ni mamia ya kilomita za nchi kavu ambayo kima wa msituni havuki. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba msitu uliwahi kuunganika zaidi ya ulivyo sasa. Tope la vinamasi vya Udzungwa na Uluguru, lenye chavua (unga wa maua) za makumi ya maelfu ya miaka, linaonyesha kwamba msitu wa milimani ulidumu hata wakati wa kilele cha barafu, ukinyweshwa na unyevu wa Bahari ya Hindi. Wakati ule Ufini haikuwa na mti hata mmoja.

Naomba niseme jambo hapa, kwa sababu linaniuma. Viazi vya okidi vinachimbwa na kuuzwa Zambia kwa ajili ya chikanda, chakula kinachotengenezwa kwa viazi hivyo. Mmea uliovuka zama za barafu kwa kupanda na kushuka mlima hauwezi kuvuka gunia. Ukiwa na wanafunzi, waeleze wazi, na ukiona soko la viazi hivyo usinunue hata kimoja kwa ajili ya kuonyesha darasani. Picha inatosha.

Tope linatunza kumbukumbu

Ukipata siku ya ziada, shukeni Tukuyu hadi Ziwa Masoko. Wengi wanalijua kwa hadithi za sarafu za Wajerumani zilizotupwa humo. Utajiri ninaoujali mimi ni tope. Ziwa limekaa kwenye shimo la mlipuko wa volkano, halina mto mkubwa wa kulivuruga, kwa hiyo tope limetua tabaka juu ya tabaka. Watafiti walilitoboa miaka ya 1990 na kupata kumbukumbu ya zaidi ya miaka 40,000: chavua, majivu ya milipuko, dalili za miaka ya mvua na ya ukame. Ziwa Nyasa nalo lilitobolewa mwaka 2005, na tope lake likaonyesha kwamba kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita kulikuwa na ukame mkali uliolishusha kwa mamia ya mita. Kwetu baridi haikuwa shida pekee. Mvua nayo ilikuja na kuondoka.

Kaskazini wanasoma tope kwa njia hiyohiyo. Majani ya Dryas octopetala, ua dogo jeupe la nchi za baridi kali, yalikutwa kwenye tope la maziwa ya Skandinavia mahali ambapo leo hukua miti mirefu. Ndivyo ilivyojulikana kuwa baridi ilirudi ghafla kati ya miaka 12,900 na 11,700 iliyopita.

Darasani unaweza kuonyesha kanuni hiyo bila kutoboa ziwa. Weka kwenye chupa ya plastiki udongo mweusi kidogo na maji, acha utulie, kesho yake ongeza mchanga wa njano, kesho kutwa majivu ya jikoni. Baada ya wiki katikati ya chupa kuna historia inayosomeka kutoka chini kwenda juu.

Rudini mwezi wa Juni au Julai

Safari ya maua pekee haitoshi, kwa sababu baridi yenyewe hamtaikuta. Mwezi wa Juni na Julai jalidi huanguka Kitulo na Makete, watu wanaiita barafu, na majani ya viazi asubuhi yanakuwa yameungua. Laleni Matamba, mwende alfajiri. Kipimajoto kimoja kiwekwe chini bondeni karibu na kijito, kingine mteremkoni mita 30 hadi 50 juu yake. Usiku usio na mawingu wala upepo hewa ya baridi ni nzito, hutiririka na kujikusanya bondeni, kwa hiyo kipimajoto cha chini kitasoma baridi zaidi, kinyume cha mnavyotegemea mkikumbuka ile kanuni ya nyuzi 0.6. Tazameni vichaka vinaanzia wapi kwenye mteremko. Mara nyingi havishuki hadi chini, na mstari vinapoishia uandikeni kwa mwinuko.

Mkirudi shuleni, chukueni karatasi kubwa mchore mikato miwili ya ardhi, mmoja chini ya mwingine, kwa kipimo kimoja. Wa kwanza uwe wa tuta la Lahti: mwamba uliokwaruzwa, mchanga na kokoto, msonobari juu, kinamasi chini. Wa pili uwe wa mteremko wenu wa Kitulo: mwamba wa volkano, udongo mweusi wa zamani, tabaka la njano lenye unene mlioupima wenyewe, udongo mweusi wa juu, nyasi, ndago, Kniphofia. Pembeni wekeni safu ya jalidi yenye vipimo vya asubuhi ile. Safu ya mvua acheni wazi, darasa la mwaka ujao lina kazi ya kuijaza.